Tata, Usiongeze Neno

Uholanzi,
Jumapili, baada ya misa

Tata mpendwa,

Kasinge waitu. Nakusalimu wewe na Mama, na goti lako la kushoto ambalo Mama anasema linatabiri mvua kuliko redio. Mmeamkaje huko Kimwani? Migomba ya upande wa kisima imesimama baada ya ule upepo? Kahawa mmeanua salama, au bado mnagombana na mbuzi wa jirani? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kanisani, ambako tunakaa watu kumi na wawili na padre anahubiri kana kwamba kanisa limejaa hadi nje. Baridi imeanza. Mvua ya huku hainyeshi ikaisha, inakaa tu hewani ikikusubiri upande baiskeli.

Salamu zimetosha. Nina hasira, Tata. Asubuhi nimemwomba Mungu radhi, maana mtoto hamwandikii baba yake akiwa na hasira. Halafu nimekaa kuandika nayo hivyo hivyo, kwa sababu nikisubiri ipoe, Asimwe atakufa.

Nasema Asimwe yule yule, binti wa Ta Rwegasira, jirani yetu, mwenye miaka sita na meno mawili ya mbele yaliyong'oka. Mwenye saratani ya damu. Aliyekaa hospitali Mwanza miezi miwili akiwekewa dripu, akaruhusiwa kurudi nyumbani kupumzika kidogo, akapewa tarehe ya kurudi kuendelea na dawa. Tarehe hiyo imepita, na mtoto yuko nyumbani anacheza rede. Yuko nyumbani kwa sababu yako.

Nikueleze nilivyojua. Sista wa parokia yetu, yule aliyekuja huku kwenye mkutano wa shirika lake, aliniletea mzigo kutoka kwa Ta Rwegasira. Nilifurahi sana. Juu kulikuwa na kahawa ya kutafuna, imefungwa kwa majani makavu ya mgomba kama zamani, nikatia mbili mdomoni hapo hapo mlangoni. Chini, ndani ya kipande cha kanga, kulikuwa na faili la hospitali. Faili lenyewe, Tata! La Asimwe, lenye majibu ya vipimo vyote, orodha ya dawa na tarehe. Limesafiri kwa ndege kutoka kwa watu wanaolihitaji mpaka kwangu nisiye na kazi nalo. Na karatasi ya daftari imebandikwa juu: “Daktari binti yetu, hili ndilo faili. Lisome, utume ile dawa uliyoisema kwenye barua. Mwanza tumeacha kwenda ili dawa zisigongane.”

Zisigongane! Niliisoma nikiwa nimesimama, kahawa ikanipalia.

Nikampigia saa ile ile. Nakuandikia tulivyozungumza, neno kwa neno, ili usije ukasema nimeongeza.

“Ta Rwegasira, Asimwe yuko wapi?”

“Yuko hapa anacheza, waitu! Amenenepa, na nywele zimeanza kurudi.”

“Mlitakiwa kumrudisha Mwanza lini?”

“Ah, hiyo ilishapita. Wiki ya tatu sasa. Tunakusubiri wewe.”

“Mnanisubiri mimi kwa lipi?”

“Kwa dawa. Baba yako si alitusomea barua yako? Mmepata dawa ya kuzikuza zile seli zilizogoma. Alisoma mara mbili, akina mama wakapiga vigelegele.”

Nikamwambia sina dawa. Nikamwambia sijawahi kumtibu mtu hata mmoja. Unajua alinijibu nini? Alicheka. Akasema, “Katekista alituambia utakataa kwanza. Alisema mambo ya utafiti ni siri, hamruhusiwi kuyataja kwenye simu.”

Tata, ulisema hivyo kweli? Nilikupigia wewe dakika hiyo hiyo nikuulize. Nilipotaja jina la Asimwe tu, ukasema, “Mtandao unasumbua, mwanangu,” ukakata. Mtandao ulikuwa safi. Nilimsikia hata jogoo wako.

Basi nikapiga picha kila ukurasa wa faili nikamtumia dada Advera, ambaye angalau yeye simu yake haisumbuliwi na mtandao. Akapiga simu hospitali Mwanza. Muuguzi akamwambia mleteni huyo mtoto hata leo, hakuna atakayewagombeza, ila msikae siku nyingine. Advera akaacha wanafunzi wake na mwalimu mwenzake, akapanda basi kutoka Bukoba mpaka kwa Ta Rwegasira. Akaambiwa akae, akaletewa chai, halafu akaambiwa kwa upole kwamba yeye ni mwalimu wa chekechea, awaachie wenye udaktari wao. Amerudi kwake Ijuganyondo, Bukoba, analia. Alinipigia akiwa bado barabarani.

Sasa turudi kwenye ile barua yangu. Niliandika hivi, na nakala ninayo: “Wiki hii tumefurahi. Seli zilizokuwa zimekwama zimesogea hatua moja mbele kwenye visahani.” Basi. Dawa iko wapi hapo? Kupona kuko wapi? Hata neno mtu halimo.

Lakini nakujua. Nilijifunza kusoma nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chako. Unakumbuka barua zilizokuwa zinaletwa kutoka visiwani, za vijana waliokwenda kuvua? Mama zao walikuwa wanakuja kwako jioni, wanakaa juu ya nyasi mpya zilizotandikwa sebuleni, nawe unafunga miwani kwa uzi na kuanza. Siku moja alikuja bibi mmoja kutoka ng'ambo ya bonde na karatasi ya mwanawe. Nilikuwa darasa la pili, nikachungulia juu ya bega lako. Mistari ilikuwa miwili: nipo, nitumieni blanketi. Wewe ulisoma mpaka chai ikapoa. Mwana alikuwa anamkumbuka mama yake kila anapokula samaki. Mwana aliota anachimba viazi naye. Mwana alimwuliza kuhusu meno. Bibi akalia kwa furaha, akaibusu karatasi. Ukageuka ukaniona, ukanikonyeza, na mimi nikafunga mdomo. Nilikupenda sana siku ile. Mpaka leo nikikumbuka nakupenda, na ndiyo maana hasira yangu inanichosha, haina mahali pa kukaa.

Lakini yule bibi alihitaji neno la faraja tu, blanketi lingekwenda hata hivyo. Asimwe anahitaji dripu.

Ngoja nikueleze ugonjwa wake, na uusome polepole, kwa sababu seli za namna hiyo ndizo zilizonileta kwenye baridi hii. Seli B ni askari wa kinga ya mwili. Zinazaliwa kwenye uboho, ndani ya mfupa, lakini hazizaliwi zikijua kazi. Kila moja inapita hatua kwa hatua, inajitengenezea chombo chake cha kumtambua adui, na katika kila hatua inapimwa. Iliyoshindwa inafia humo humo. Iliyofaulu inatoka, inaingia kwenye damu, inaanza ulinzi. Ni kama darasa lako la Komunyo ya Kwanza, ambako ulimrudisha mtoto wa mwenyekiti mara mbili kwa sababu hakujua sala ya kutubu, na mwenyekiti akakununia mwaka mzima.

Sasa kwa Asimwe, kuna seli iliyogoma. Ilifika darasa la kati, ikakataa kukua na ikakataa kufa. Ikazaa wagomaji wenzake, nao wakazaa, mpaka madawati yote yakajaa na seli njema zikakosa pa kukaa. Ndiyo maana alikuwa amepauka, akitokwa damu puani, na homa haishuki. Dawa za Mwanza zimewafukuza wagomaji wengi, ndiyo maana leo ananenepa na anacheza. Wengi, Tata, siyo wote. Wachache wamejificha, hawaonekani hata kwa mashine. Dawa inaendelea miaka, kwa sababu ya hao wachache. Ukiiacha katikati wanatoka mafichoni wakiwa wakali kuliko mwanzo, na dawa ile ile wanaweza wasiisikie tena. Kunenepa kwake sasa hivi ndiko kunakonitisha.

Na mimi kazi yangu ni ipi katika haya yote? Mimi naosha mifupa ya panya. Sisemi kwa unyenyekevu, ndiyo kazi yenyewe. Nachukua mfupa wa paja wa panya, hauzidi nusu ya njiti ya kiberiti, nakata ncha zote mbili, napitisha sindano nyembamba na kusukuma maji ya chumvi, na uboho unatoka kama uzi mwekundu. Nazitia seli rangi zinazong'aa, nazipitisha kwenye mashine inayozihesabu moja moja kwa mwanga, ili nijue kila seli imefika hatua gani. Mashine hiyo tunaigombania kuliko bomba la maji pale kijijini. Mwezi uliopita ukungu uliingia kwenye visahani vyangu vya kukuzia seli nikamwaga kazi ya wiki tano. Kabla ya hapo friza iliharibika siku ya sikukuu, hakuna aliyekuwepo. Panya nao wana vituko vyao: nahitaji wa aina fulani, mama anazaa tisa, wote wa aina nyingine. Profesa wangu anapita na kikombe chake anauliza, “Kuna jipya?” Natamani siku moja nimrushie panya.

Na panya wenyewe, Tata, hawana hata saratani. Ni panya ambao seli zao hukwama tu kwa sababu wamezaliwa hivyo. Kutoka kwenye kisahani changu mpaka kwenye mkono wa mtoto ni njia ambayo huenda nisiimalize nikiwa hai. Watu watakaokuja baada yangu huenda wakaimaliza. Asimwe hawezi kuwasubiri.

Sasa kuna jambo jingine, na hili sikutaka kuliandika. Nimelizunguka tangu ukurasa wa kwanza.

Ile furaha niliyokuandikia haikuwa kweli. Sikudanganya, nilikosea, lakini kosa lenyewe lina ukoo na wewe. Nilirudia lile jaribio mara tatu na seli hazikusogea tena hata kidogo. Nikatafuta sababu karibu mwezi. Mwisho nikagundua kwamba siku ile nilichanganya visahani: seli za panya wazima niliziandika kuwa za panya ambao seli zao zimekwama. Bila shaka zilisogea! Zilikuwa nzima tangu mwanzo. Na kwa nini nilikuandikia kabla sijarudia, wakati hapa hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua jaribio moja si jaribio? Kwa sababu nilikuona umekaa na miwani yako na watu wamejaa sebuleni. Nilitaka uwe na kitu cha kuwasomea. Chuoni Dar es Salaam walikuwa wananitania, “Nshomile huyo!”, kwamba sisi Wahaya tukisoma ukurasa mmoja tunadai kitabu tumekiandika wenyewe. Nilikuwa nakasirika. Siku ile walikuwa na haki ya kunicheka.

Na likizo iliyopita, mliponiandalia ile sherehe, watu wakaniita daktari kutwa nzima. Nilijua wanafikiri ni daktari wa sindano na vidonge. Nilikaa kwenye kiti kikubwa nikanyamaza, nikala ndizi zangu kwa nyama ya mbuzi. Akina mama wawili walinionyesha vidonda vya miguu, nikavitazama kwa uso wa kujua. Kwa hiyo uliyoyasema hukuyatoa hewani. Mbegu niliipanda mimi, wewe ukapalilia, na Ta Rwegasira ndiye anayevuna.

Jumatatu iliyopita nilisimama mbele ya wenzangu wote wa maabara, watu wa nchi saba, nikasema: matokeo niliyowaonyesha si sahihi, nilichanganya visahani, naomba yafutwe. Profesa aliweka kikombe chini akasema, “Vizuri umesema mapema.” Tukaendelea na mtu mwingine. Nilikwenda chooni nikalia, nikarudi nikaendelea na mifupa. Lakini panya hawakunipigia vigelegele, wala hakuna panya aliyeacha kwenda hospitali kwa sababu yangu. Ndiyo maana kwangu ilikuwa rahisi kuliko itakavyokuwa kwako.

Najua ninachokuomba. Nimekaa nacho siku nne. Katekista wa miaka thelathini, mtu ambaye watu hupima ukweli kwa mdomo wake, akasimame uani kwa jirani na kusema nilisoma yasiyoandikwa. Mwanzoni nilipanga barua hii nimpe Advera aisome yeye mbele ya watu, wewe ukae kimya. Nilikuwa nimeshaandika hivyo, nimechana. Hawatamwamini Advera. Mimi mwenyewe nimewaambia kwa mdomo wangu wamecheka. Sauti pekee watakayoiamini ni ile ile iliyowaambia wasubiri.

Kwa hiyo faili liko humu ndani ya bahasha, pamoja na barua. Sista anaondoka kesho na ameahidi kukuletea mkononi, hatampa mtu mwingine. Ukilipokea usile kwanza. Vaa viatu, nenda kwa Ta Rwegasira, mkabidhi faili, umsomee maneno haya. Yasome kwa Kihaya ukitaka, lakini usiyapambe.

“Ta Rwegasira, mimi Leokadia sina dawa ya Asimwe. Sijawahi kuwa nayo. Si siri, ni kweli. Mimi si daktari wa watu, ninachunguza mifupa ya panya, na habari njema niliyoandika nilikosea. Dawa ya Asimwe iko Mwanza, na ndiyo iliyomfikisha hapa alipo. Haigongani na chochote. Mpelekeni kesho asubuhi kwa basi la kwanza. Dada Advera atakuwa kituoni Muleba kuwasindikiza mpaka wodini. Kahawa yako nimeitafuna na nimeona aibu kila punje.”

Akikasirika, mwache akasirike. Akikunyima kiti, simama. Akikuuliza kama ulijua, mwambie ulivyojua. Ile aibu nusu yake ni yangu, nitakuja kuichukua mwenyewe nikipata likizo. Nitakaa chini kwenye nyasi, kile kiti kikubwa mpeni mwingine.

Mpe Mama salamu zangu, umwambie sweta aliyonifumia nimeivaa hata sasa. Msalimu mjomba Kamugisha fundi baiskeli, mwambie breki za huku zinapigwa kwa kuzungusha pedali kinyumenyume na nimeanguka mara mbili. Msalimu shangazi Pulkeria wa kwaya, na mtoto wake wa mwisho aliyenitumia picha ya cheti chake cha ushonaji. Advera nitamsalimu mwenyewe, ila ukimwona mpe pole ya safari. Asimwe mpe pipi niliyoiweka kwenye bahasha, imefungwa kwenye karatasi ya bluu. Mwambie nimeona kwenye faili kwamba siku moja alimng'ata muuguzi, nami nikacheka sana.

Ukurasa wa mwisho wa faili una jedwali la mahudhurio. Visanduku vya juu vina saini. Vinavyofuata ni vitupu, na nimevitazama kila siku tangu mzigo ufike.

Tata, yale maneno ya Ta Rwegasira nimeyanakili pia kwenye karatasi ya peke yake, nikaishia katikati ya ukurasa makusudi. Utakapofika mwisho wake mbele ya Ta Rwegasira, utaona karatasi bado ina nafasi nyingi. Nakuomba, waitu, kunja karatasi na unyamaze.

Ni mimi binti yako anayeosha mifupa ya panya,
Leokadia